Mwenyewe wa Mize

Niwaambie?

Tuambie!

Nianzie karibu?

Anzia mbali!

Mbali ni mbali, wajukuu zangu, na magoti yangu hayataki safari. Nani atanishika mkono?

Sisi!

Haya, nishikeni. Lakini mikono mingine ibaki kwenye makumbi. Sikuwaita hapa mje kunihesabu meno. Kila mmoja na fungu lake, asokote kamba huku anasikiliza. Wapo wanaosema hadithi haisimuliwi mchana, ati msimuliaji huota pembe. Mimi nasimulia mchana tangu mama zenu hawajazaliwa. Njoo, Machano, nipapase kichwa. Umeona pembe? Basi kaa chini.

Zamani hizo, zamani ambazo hata babu wa babu yangu alizisikia tu kwa watu, kulikuwa na kisiwa kidogo kikiitwa Mkadini. Kisiwa hicho kilikuwa na nyumba kumi na moja na kisima kimoja. Kisima kikaanza kuingia chumvi. Nyumba ya kwanza ikahama. Nyumba ya pili ikahama. Nyumba ya tatu ikahama. Zikahama, zikahama, mpaka ikabaki nyumba moja tu, na ndani yake watu wawili, mke na mume. Maji yao ya kunywa yalikuwa ya mvua, na kazi yao ilikuwa hii mnayoifanya nyinyi kwa kununanuna: kufukia makumbi ya nazi kwenye matope ya pwani, kuyafukua yakishalainika, kuyaponda, kuyasokota kamba.

Mke aliitwa Mize. Mume aliitwa... Ah, ngojeni kwanza! Mize hakuwa akilitaja jina hilo, na mimi nani hata nimtangulie? Mtalisikia likifika.

Siku ya harusi yake Mize, kungwi wake alimweka chumbani akamshika kidevu, akamwambia, "Mwanangu, nisikie. Jina la mume halipiti kinywani mwa mke. Kila ukilitaja, unampunguzia siku zake za kuishi. Umesikia?" Mize akajibu, "Nimesikia, somo." Na akasikia kweli. Wanawake wenzake wa zamani hizo nao walisikia hivyo hivyo. Lakini wenzake walipata watoto, na mwenye mtoto ana njia. Mmoja alimwita mumewe Baba Siti, mwingine Baba Hamadi, mambo yakaenda.

Mize alizaa mara moja. Mtoto alikaa duniani siku tano. Nanyi mnajua jina hupewa siku ya saba. Kwa hiyo pale Mkadini palikuwa na kaburi dogo lisilo na jina, na mwanamume ambaye hakuweza kuitwa baba wa yeyote. Ndiyo sababu wale wawili hawakuhama. Wengine walidhani ni kwa ajili ya mashimo ya makumbi.

Sasa Mize alimwitaje mumewe? Akiwa naye alimwita "Wewe". Akimsema kwa watu, siku hizo watu walipokuwapo, alimwita "Mwenyewe". Mwenyewe amelala. Mwenyewe hali pweza. Watu walipokwisha kuondoka, hata hilo la Mwenyewe likakosa kazi, maana angemwambia nani? Likabaki "Wewe". Kila siku maji yakikupwa, Mize alisimama mlangoni akasema maneno yale yale: "Wewe, maji yamekupwa, makumbi yako wazi." Naye mume alijibu, "Haya." Akatoka, akaenda kufukua. Miaka kumi na miwili hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao makubwa. Msicheke. Walipendana. Ila nyumba ilikuwa kimya, hata Mize wakati mwingine akiangusha upawa makusudi asikie mlio.

Ikawa siku moja, mabaharia waliopita kuokota kuni wakaacha salamu. Kaka yake Mize, aliyekaa Mtondooni, mwendo wa siku tatu kusini kwa tanga, anamwoza binti yake. Na harusi bila shangazi ni harusi gani? Mize akasimama mbele ya mumewe, akasema, "Wewe, nataka kwenda."

Mume akatazama mashimo yake ya makumbi. Akatazama kule kwenye kaburi dogo. Akasema, "Twende."

Wakapakia dau lao. Wakatia mabunda ya kamba mpya, zawadi ya bwana harusi. Wakatia nazi. Wakatia mtungi wa maji, mmoja tu, mkubwa. Wakaweka tanga, wakashika njia ya pwani. Siku ya kwanza ikapita vizuri. Siku ya pili dau likapanda wimbi, bunda la kamba likateleza, likaupiga mtungi kiunoni. Ko! Maji yote yakamwagika chomboni, wakawa wanayaona yakiwapita miguuni na kuchanganyika na ya chumvi. Mume akasema, "Basi." Mize akasema, "Basi." Wakageuza usukani kuelekea bandari iliyokuwa karibu, bandari ya Kisangamo.

Kisangamo! Mji wenye boma la mawe, wenye lango moja tu upande wa bahari, na forodha kubwa hapo langoni. Hawakuwahi kufika. Walikuwa wameona kuta zake kwa mbali tu, tena mara moja. Wakatia nanga pembeni, mbali na vyombo vya wakubwa. Mume akavaa kanzu yake, akakung'uta kofia.

"Nakwenda kutafuta mtungi na maji," alisema. "Wewe kaa na chombo."

"Usikawie."

"Sikawii."

Akateremka majini, akaenda. Mize akamtazama mgongo mpaka lango likammeza. Alikuwa na jambo la kumwambia, kwamba amefurahi wamesafiri, kwamba jana alipomtazama ameshika usukani alimwona amekuwa kijana tena. Akasema moyoni atamwambia akirudi.

Jua likasogea. Mume hakurudi. Ikafika alasiri, likalia baragumu juu ya boma, mara tatu, lango likafungwa. Mume hakurudi. Maji yakakupwa, dau likakaa kitako juu ya matope, likalala ubavu. Mume hakurudi. Mize akatafuna nazi kavu, akajifunika tanga. Usiku huo siusimulii, wajukuu zangu. Usiku wa mtu anayengoja unafanana na mwingine, na mnao wenu mbele yenu.

Asubuhi akapita kwenye matope mpaka langoni. Hapo alisimama mlinzi wa lango, mtu mnene mwenye sauti ya puani, na mkononi ana kipande cha mkaa. Mize akamwamkia, kisha akasema, "Bwana, namtafuta Mwenyewe."

"Mwenyewe wa nini?"

"Mwenyewe tu."

"Mwenyewe wa mji huu ni Jumbe. Unamtaka Jumbe?"

"Simtaki Jumbe. Namtaka Mwenyewe wangu mimi. Aliingia jana kutafuta mtungi."

"Oho! Umepoteza mzigo. Sema alama yake. Una chapa? Umefungwa kwa kamba gani?"

"Si mzigo, bwana! Ni mtu. Mrefu, kanzu yake imechanika kidogo hapa begani."

"Watu warefu wamejaa humu. Anaitwa nani?"

Mize akafungua kinywa. Akakifunga. Akafungua tena.

"Anaitwa... Mwenyewe."

Mlinzi akageukia watu waliokuwa nyuma, akasema, "Haya, anayefuata!" Wakamsukuma pembeni, wakapita wenye kuku, wakapita wenye mikeka, wakapita wenye chumvi. Mize akabaki ukutani na miguu ya matope. Nanyi mnajua kuwa peke yako kisiwani ni jambo moja. Kuwa peke yako katikati ya watu mia, kila mmoja anaita mwenzake, hilo ni jambo jingine, na ni zito zaidi.

Pale ukutani alikaa mwanamke mmoja mtu mzima, akipika vitumbua. Alikuwa akimimina unga kwenye chuma, na kila akimimina, midomo yake inacheza. Akamwambia Mize, "Mwanangu, njoo ukae. Nimekusikia."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mimi Bi Kazija. Mumeo yuko mle." Akaonyesha kwa upawa banda refu la forodha, lenye dirisha la nondo za mti. "Hukuambiwa sheria ya mji huu?"

"Sikuambiwa."

"Zamani waliingia humu watu kwa sura ya wafanyabiashara, hakuna anayewajua. Usiku wakawafungulia lango maadui. Toka siku hiyo Jumbe akaweka sheria. Mgeni akikutwa ndani baragumu likilia, anafungiwa bandani. Hatoki mpaka aje mtu wake, asimame pale mlangoni, amwite kwa jina lake, naye aitike. Anaitwa mara tatu tu. Yule mlinzi anachora mstari wa mkaa kila ukiita. Mistari mitatu ikitimia na hakuna aliyeitika, basi."

"Basi nini?"

"Ndiyo basi. Asiyeitwa ni kama mzigo usio na mwenyewe, wanampakia merikebu ya Jumbe akavute makasia. Merikebu inaondoka leo maji yakijaa. Inashuka pwani yote, bandari hata bandari, mpaka mwisho wa pwani. Huko inawaacha hao na kurudi na wengine."

Mize akakaa chini.

"Mama, siwezi. Niliambiwa nikilitaja nampunguzia siku zake."

"Hata mimi niliambiwa," alisema Bi Kazija. Akageuza kitumbua, kikaungua, hakukijali. "Nilikuwa bibi harusi, mwezi wa pili. Tulipita hapa, akafungiwa. Nikasimama pale, pale pale unapopaona. Kinywa kikakataa. Nikasema, nitalitaja kesho. Kesho yake merikebu ilikuwa imekwenda. Sasa ni miaka thelathini nalitaja. Kila nikimimina unga nalitaja. Mjaka, Mjaka, Mjaka. Nani anaitika?"

Mize akamtazama yule mama. Akatazama vile vitumbua, vimepangwa kwenye ungo, vingi kuliko walaji. Akainuka.

Sasa wewe Siti, acha kusinzia, hapa ndipo penyewe.

Mize akasimama mlangoni pa banda. Mlinzi akaja na mkaa wake. Ndani kulikuwa na giza, na watu wameketi chini safu kwa safu, migongo ukutani, vichwa magotini. Hakumwona aliye wake. Wote walikuwa vivuli.

"Ita," alisema mlinzi.

Mize akajaribu. Jina lilipanda kifuani, likafika kooni, likasimama. Alimwona kungwi wake amemshika kidevu. Aliziona siku za mumewe zinadondoka kama nazi pevu. Na kilichotoka kinywani ni kile kilichozoea kutoka.

"Wewe!"

Loo, wajukuu zangu! Banda zima likasimama. Wanaume wote, wazee kwa vijana, wa karibu na wa mbali, wote kwa mara moja, wakakimbilia dirishani. "Mimi hapa!" "Nipo!" "Ndiye mimi!" Maana kila mmoja alikuwa na wake mahali fulani aliyemwita Wewe, na kila mmoja alidhani amefika.

Wakamtazama Mize. Wakaona si wake. Mmoja mmoja, polepole, wakarudi kukaa. Hata leo nikifika hapa moyo unaniuma.

"Wewe si jina," alisema mlinzi. Akachora mstari. Krrr. "Moja."

"Lakini bwana..."

"Moja! Bado mbili."

Mize akashika nondo za dirisha kwa mikono miwili. Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuyafuta. Akasema moyoni, nikilitaja nampunguzia siku, nisipolitaja nampa Jumbe siku zote. Akafumba macho. Akalitaja. Na sasa na mimi naweza kuwaambia.

"Vuai!"

Hakuna aliyesimama. Hakuna aliyekuja dirishani. Mahali fulani ndani mtu alikohoa, basi.

"Vuai hayumo," alisema mlinzi. Krrr. "Mbili."

Amelitaja, na limepita bure! Amemkata siku na hakumpata! Akawaza, labda amekwisha kufa, labda nimemuua mimi sasa hivi kwa kinywa changu. Akawaza, labda hayumo humu, labda amenikimbia, naye nani angemlaumu, nyumba ile na kimya kile. Nyuma yake Bi Kazija aliweka upawa chini.

Lakini Vuai alikuwamo. Ile Wewe ya kwanza aliinuka na wote, lakini kelele na migongo ya watu vikamziba asimwone aliyeita, akarudi kuketi kona ya mwisho, kichwa magotini, macho wazi. Na aliisikia ile sauti ya pili, aliisikia vizuri sana. Ila hakuijua, maana haikuwahi kusema neno hilo. Na lile neno lenyewe hakulijua pia. Mama yake alikufa zamani, ndugu zake walihama na nyumba za Mkadini, na kwa miaka kumi na miwili hakuna kiumbe aliyelitamka. Jina lake mwenyewe lilimpita kama la mtu mwingine.

"Bado moja," alisema mlinzi. "Fanya haraka, watu wana kazi."

Mize akafuta uso kwa ncha ya kanga. Hakujua afanye nini. Akatazama nyuma, kwa bahari, kama mtu anayetazama kwao, akaona maji yameondoka na matope yamebaki yanang'aa, na dau lao limelala ubavu. Ilikuwa saa ile ile. Saa ile ambayo kila siku ya Mungu alisimama mlangoni pake. Na midomo yake ikaanza yenyewe, bila kuulizwa, kwa sauti ya nyumbani, wala si ya kupaza:

"Vuai, maji yamekupwa, makumbi yako wazi."

Na kule kona ya mwisho, katika giza, mtu akajibu kama anavyojibu kila siku.

"Haya."

Akainuka. Alikuwa amekwisha piga hatua mbili kwenda kufukua makumbi ndipo akakumbuka hayuko kwake. Akasimama katikati ya banda na mikono imening'inia, akasema polepole, kama mtoto anayejifunza, "Vuai. Vuai ni mimi. Mimi ndiye Vuai!"

Mlinzi alikuwa ameshika mkaa juu. Akautazama mlango, akamtazama mwanamke, akaushusha. Akafungua komeo.

Hawakukumbatiana, la. Zamani hizo watu hawakufanya hayo mbele za watu. Vuai alisimama mbele ya mkewe, akamwambia, "Ile mara ya kwanza ulipolitaja nililisikia. Nikainua kichwa nione ni nani aliyeitwa. Nikamwonea wivu."

Mize akalia kwa sauti pale pale forodhani.

Ndipo wale wengine dirishani wakaanza. Mmoja alitoa mkono kati ya nondo, akasema, "Mama, mimi Shomari wa Kigongoni. Mke wangu hajui niko wapi. Merikebu ikipita kwetu naye akaniita kwa jina, watanishusha." Mwingine akasema, "Mimi Pandu wa Mwakaje." Mwingine, "Mimi Ame! Mama yangu yuko Mtondooni, haoni vizuri, mwambie kwa sauti!" Mikono ikawa mingi, majina yakawa mengi, na Mize, ambaye hakuwahi kutamka jina la mumewe mwenyewe, atayashikaje majina ya waume za watu?

Vuai akakimbia chomboni, akarudi na pande la kamba mpya. Akasema, "Funga fundo. Kila mtu fundo lake."

Mize akafunga. Shomari, fundo. Pandu, fundo. Ame, fundo. Akalitamka kila jina mara tatu huku anakaza. Yakatimia mafundo ishirini na mawili. Na alipogeuka kuondoka, Bi Kazija alikuwa amesimama na mtungi wa maji na vitumbua vya moto kwenye jani la mgomba, vya njiani. Akasema, "Mwanangu, hapo mwisho, kama kamba imebaki..."

"Imebaki, mama."

"Mjaka."

Mize akafunga fundo la ishirini na tatu, akalikaza kwa meno.

Maji yalipojaa wakang'oa nanga. Merikebu ya Jumbe nayo ikang'oa nanga, lakini ilikuwa nzito, inatia nanga katika kila bandari kuchukua kuni na maji. Dau lilikuwa jepesi. Wakaitangulia. Walipofika Kigongoni, Mize hakungoja hata dau liguse mchanga, alisimama kwenye omo, mbele kabisa ya dau, akapaza sauti: "Shomari! Mke wa Shomari yuko wapi?" Watu wakashangaa. Mwanamke anapiga ukelele majina ya wanaume! Wengine wakacheka, wengine wakawafunika watoto masikio. Lakini mwanamke mmoja aliacha ndoo yake kisimani akaja anakimbia. Mize akamwambia, "Merikebu inakuja. Simama hapa ufukoni, umwite kwa jina. Sheria ya Jumbe inafika na baharini. Akiitwa na mtu wake, wanamshusha. Usimwite Wewe! Ukimwita Wewe watasimama wote."

Wakafika Mwakaje, akaita. Wakafika bandari nyingine, akaita. Siku ya harusi ya Mtondooni ikapita wakiwa bado njiani, na wala Mize hakuikumbuka. Nyuma yao, bandari hata bandari, wanawake walisimama majini mpaka magotini, wanawake waliofundwa vyema na makungwi wao, wakapaza majina ya waume zao mpaka sauti zikakauka. Na kutoka merikebuni, mmoja mmoja, wanaume waliruka majini. Walipofika Mtondooni, kaka mtu alikuwa amenuna. Mize akampita bila kumwamkia, akaenda kupiga kelele kwenye sikio la ajuza mmoja: "Ame! Ame wako anakuja, simama umwite!" Na yule ajuza asiyeona vizuri aliita vizuri kuliko wote.

Kila aliyepata wa kumwita, Mize alimfungulia fundo lake. Yakafunguka ishirini na mawili.

Likabaki moja.

Mize na Vuai walifika mpaka mwisho wa pwani, kule ambako mchanga unakuwa mweusi. Mize alisimama kwenye omo, akaita, "Mjaka!" Hakuna aliyeitika. Walipokuwa wanarudi aliita kila bandari. Hakuna aliyeitika. Wakapita Kisangamo. Bi Kazija alimwona Mize kwa mbali, akaona ile kamba mkononi mwake, akaona fundo. Hakuuliza. Akamimina unga.

Wakarudi Mkadini, kwa makumbi yao na kwa kaburi lao. Na mnajua jambo la kwanza walilofanya? Walikwenda pale kaburini, wakakaa kitako, wakalipa jina. Ni jina gani, walilijua wao wawili, na mimi sikuambiwa. Ila toka siku hiyo Mize alisema mlangoni, "Baba Fulani, maji yamekupwa," na hilo Fulani lilikuwa jina la kweli, na siku nyingine alisema "Vuai" hivi hivi, bila sababu, amsikie tu akisema "Naam". Na Vuai hakupungukiwa siku. Aliishi mpaka akawa anasahau kila kitu isipokuwa hilo.

Basi, wajukuu zangu, funzo la kisa hiki si kubwa, lishikeni kwa mkono mmoja. Heshima ni nzuri, na kungwi alisema alichoambiwa na kungwi wake. Lakini mtu asiyeitwa anaweza kukaa gizani asijue kwamba ndiye. Waiteni watu wenu kwa majina yao wangali wanasikia. Wale waliobaki peke yao, nyumba ya mwisho, kona ya mwisho, hao waiteni zaidi.

Na sasa nionyesheni kamba zenu. Hii imelegea. Hii nzuri. Machano, hii yako ni kamba au ni mkia wa paka? Haya, kila mmoja afunge fundo moja mwishoni, kama mnavyoniona mimi nikifanya siku zote na mkidhani ni mazoea ya uzee. Fundo hilo halifunguliwi. Mwaijua sababu. Hakuna ajuaye kama huko mwisho wa pwani hakuna mtu amekaa kona, kichwa magotini. Simameni. Tazameni kule kwa bahari. Tuite mara tatu, wala hakuna wa kutuchorea mkaa.

Mjaka!

Mjaka!

Mjaka!

Kaeni sasa, tusikilize kidogo.

Mimi nimefika mwisho wa kamba yangu. Mwenye makumbi na aendelee kusokota.